Nguzo Iliyogoma Kuwa Kuni

Bi Shige alituona sote uchi, ndiyo maana hakumwogopa mtu. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikaa kwenye kile kiti chake kirefu mlangoni mwa hamamu, bafu la watu wote la mtaa wetu wa Ebisuura, hapa Osaka, wanaume wakipita kushoto kwake, wanawake kulia, na katikati ukuta wa mbao ambao yeye peke yake aliona pande zote mbili. Alijua nani ana kovu, nani ana mimba kabla mume wake hajajua, nani anajifanya tajiri na huku nguo ya ndani ni viraka vitupu. Ukimletea majivuno alikutazama tu kutoka kule juu, akasema, "Vua uingie, maji yanapoa." Majivuno yalikwisha hapo hapo.

Mimi ni Fusa, mke wa fundi miavuli. Nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na nikieleza habari zake hupandwa na hasira, kwa hiyo mnistahimili. Watoto wangu huniambia, "Mama, vita vimekwisha zamani, acha." Niache nini? Walionyang'anya waliacha?

Vita vilipokolea, tulipangwa nyumba kumi kumi, kila kumi na mjumbe wao, na mjumbe wetu alikuwa Bwana Tarumi, muuza pombe ya mchele. Zamani alikuwa mtu wa kawaida, mkopeshaji na msahaulifu. Wakampa kitambaa cha kufunga mkononi, glavu nyeupe na tarumbeta la bati la kusemea. Basi, mtu akapotea. Alfajiri utamsikia: "Mama Fusa! Taa yako jana ilionekana dirishani!" Mgao wote ulipita mikononi mwake, mchele, chumvi, hata kiberiti, na ukimuudhi, zamu yako ikifika utaambiwa chumvi imekwisha. Lo! Debe tupu haliachi kuvuma, lakini debe lenye chumvi yako ndani utalipigia magoti.

Alitufundisha kuzima moto. Tulisimama mstari tukipokezana ndoo kutoka hodhi la hamamu mpaka barabarani, tukamwagia maji ukuta ambao hauungui. Tulipewa pia fimbo zilizofungwa kamba kichwani, tuzichovye majini, tuupige moto utakaoanguka kutoka angani. Moto wa ndege, upigwe kwa ufagio! Na amri ilikuwa moja: hakuna kukimbia. Atakayeacha zamu yake ni msaliti, na msaliti hana mgao.

"Harakisheni, kina mama!" akapiga kelele siku moja. "Mnakwenda kama konokono!"

Bi Shige akaweka ndoo chini. "Bwana Tarumi, punguza sauti. Mtu niliyemwona akilia kwa jipu la takoni hawezi kuniita mimi konokono."

Tulicheka mpaka ndoo zikamwagika. Yeye akawekwa wa mwisho kwenye mgao mwezi mzima, akala viazi vitamu vyenye mizizi, na kila akipita mbele ya duka la Tarumi alijishika tako na kuchechemea.

Ng'ambo ya barabara, ukitazamana na hamamu, alikaa Yasue, mshonaji wa soksi za nguo. Mume wake alifia visiwa vya kusini. Kilichorudi ni kisanduku cha mbao, na ndani yake hakuna mfupa, ni kijiwe tu. Alibaki na binti mmoja, Mitsuyo, mtoto wa miaka tisa, mdomo mpana, maswali hayaishi. Nyumba yao ilikuwa ndogo lakini ilikuwa na nguzo moja nzuri katikati, imesuguliwa mpaka inang'aa. Kila mwaka, siku ya wanasesere, sikukuu ya wasichana mwezi wa Machi, baba mtu alimsimamisha Mitsuyo kwenye nguzo, visigino vimegusa, akamwekea kitabu kichwani na kukata mstari kwa kisu. Baba alipoondoka, mama akashika kisu.

Mwaka arobaini na nne, mwezi wa Septemba, ikaja amri watoto wa shule wapelekwe milimani, wakalale kwenye mahekalu, mbali na ndege. Asubuhi ya safari Yasue alimpima tena, ingawa haikuwa siku yake. Mimi na Bi Shige tulikuwepo, tumeleta viazi vya njiani.

"Mama, nikirudi nitakuwa nimefika wapi?" mtoto akauliza.

Yasue akaweka kidole juu kidogo ya mstari mpya. "Hapa. Ukila vizuri."

"Nikila vizuri sana?"

"Hapa." Akakipandisha.

"Nikila na cha mwenzangu?"

"Utatoboa dari, tutakosa paa. Haya, nenda, utachelewa," akasema Bi Shige, na sote tukacheka, na mtoto akaenda.

Baridi ilipofika ikaja amri nyingine. Safu moja ya nyumba ibomolewe, pawe wazi, moto ukija usipate pa kurukia. Safu iliyochaguliwa, kwa bahati ya ajabu, ni ile iliyopakana na ghala la Bwana Tarumi. Ghala lenyewe halikuguswa. Watu walipewa siku chache wafungashe. Mzee mmoja wa safu ile alikaa mlangoni na chungu chake cha kachumbari mapajani, hajui akipeleke wapi.

Wakaja askari wachache na wanafunzi wenye misumeno. Walipofika kwa Yasue walikata nguzo za pembeni, wakafunga kamba nene kwenye ile ya katikati, halafu wakatuita sisi jirani tuvute. Bwana Tarumi akamtafuta Yasue kwenye umati, akampa ncha ya kamba.

"Mwenye nyumba atangulie," akasema. "Awe mfano kwa wengine."

Yasue aliitazama kamba. "Mume wangu mmeshamchukua. Mwanangu mmeshampeleka. Sasa nyumba nayo niivute kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Ni kwa ajili ya taifa, mama."

"Na ghala lako ni la taifa gani?" Bi Shige akauliza kutoka nyuma.

Tarumi akainua tarumbeta. "Moja, mbili, vuta! Moja, mbili, vuta!" Nyumba ililia kwanza, misumari ikitoka, halafu ikakaa chini kama mtu aliyechoka. Yasue alikuwa bado ameshika kamba. Ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu hudhani natia chumvi. Hamamu ilikuwa imefungwa kwa kukosa makaa. Mbao za nyumba zilizobomolewa zililetwa kwetu, zikarundikwa mlangoni pa tanuri, ziwe kuni. Watu hawakuwa wameoga wiki nzima na zaidi, ngozi zinawasha, chawa wamejaa, basi moshi ulipoonekana walikuja mbio na mabeseni yao. Maji yalikuwa ya moto hasa. Wanawake walijaa hodhini mpaka shingoni, wakihema kwa raha. Yasue akaingia, akajikunja pembeni, akafumba macho.

"Ahaa," akasema kwa sauti ya kawaida. "Miaka yote niliyokaa nyumba ile, baridi ilinitoa machozi. Kumbe joto lake mlikuwa mmewekewa ninyi."

Mmoja baada ya mwingine tulitoka majini, hata wale ambao hawajajisugua. Bi Shige alishuka kwenye kiti chake, jambo ambalo halikuwahi kutokea wakati hamamu ina watu, akapita nyuma kwenye tanuri. Nilimfuata nikiwa nimejifunga taulo. Alikuwa anavuta mbao huku na huku, analaani, mpaka akaipata ile nguzo, tayari imetangulizwa mdomoni mwa moto.

Aliikata kipande cha chini, kirefu kupita mtu, chenye mistari yote pamoja na mtai, ule mkato ulioachwa pale mbao za sakafu zilipoishikia. Sehemu ya juu akaitupa motoni. Kipande chenyewe tulikilaza kwenye chumba cha kuvulia nguo upande wa wanawake, tukakifunika kitambaa. Watu wakikikalia walifikiri ni benchi.

Yasue alikuwa amehamia kwa Bi Shige, analala juu ya dari ya tanuri. Alipoona nguzo alipiga magoti akapitisha kidole kwenye mistari.

"Dada Shige," akasema, "ninachoomba ni hiki tu. Mwanangu akirudi asikute uwanja mtupu, akadhani hakuwa na kwao."

"Atakuta nguzo yake imesimama. Maadamu mimi napumua, hii haiwi kuni."

Habari hazikai mtaani. Bwana Tarumi akaja na glavu zake, akaingia mpaka upande wa wanawake bila hodi, akafunua kitambaa.

"Hizi ni kuni za taifa."

"Taifa limeshaoga," Bi Shige akamjibu. "Taifa liko safi. Hiki ni kiti."

"Kiti gani hakina miguu?"

"Kimekaa kitako, hakihitaji. Na wewe toka, wanawake wanataka kuvua. Au umekuja nikukague lile jipu?"

Alitoka, lakini alitoka na mgao wetu wa kiberiti. Alisema mbele ya watu kwamba mwanamke anayeficha kuni wakati wa vita, siku ya moto tutamwona atafanya nini.

Siku ya moto ilifika Machi, siku chache tu baada ya sikukuu ya wanasesere. Na Bwana Tarumi alikuwa wapi? Wiki moja kabla alikuwa ameondoka na mkokoteni, amefunika turubai, kwenda kwa wakwe zake shamba. Alisema anakwenda kuuguza. Alituachia amri na tarumbeta lake la bati.

Ndege zilikuja usiku, nyingi, chini chini, na moto ukanyesha. Sina neno lingine. Ule uwanja tulioubomolea watu nyumba, moto hata haukuutazama, ulishuka pande zote mbili kwa mpigo mmoja. Ghala la Tarumi likawa la kwanza kuwaka. Tulimwaga ndoo mbili tatu, mvuke ukapanda, basi. Bi Shige akanishika bega. "Fusa! Nguzo!" Tuliibeba sisi wawili, tukaitumbukiza kwenye hodhi lililojaa maji ya mazoezi, ikaelea. Halafu akakimbia kumfuata Yasue, ambaye zamu yake ilikuwa pembeni mwa barabara.

Nilisikia kwa masikio yangu. Bi Shige alimvuta mkono, akisema, "Twende, mjinga wewe, twende!" Na Yasue, nywele zimeanza kuungua ncha, akajibu, "Nikiacha zamu watanikatia mgao. Mitsuyo akirudi atakula nini?"

Mnanielewa? Dunia inawaka, na mwanamke huyo alikuwa anamwogopa mtu ambaye hayupo. Ukuta wa jirani ukaanguka katikati yao. Mimi ndiye niliyemburuta Bi Shige, naye ananipiga ngumi njia nzima, mpaka barabara kuu ambako palikuwa na upenyo. Asubuhi tulirudi. Yasue tulimtambua kwa ndoo. Alikuwa bado ameshika mpini.

Hamamu ilibaki bomba la moshi, tanuri, vigae na hodhi. Nguzo ilikuwa imeungua mgongo, nyeusi tii, lakini upande wenye mistari ulikuwa umelala chini, majini. Bi Shige aliigeuza, akaiona mistari, ndipo akalia. Akahamia ndani ya tanuri lake, akaweka bati mlangoni. Mume wangu alikuwa jeshini Manchuria. Mimi na wanangu tukajibanza upande wa pili wa bomba lile lile.

Agosti wakatutangazia kwamba basi, tumeshindwa. Siku chache baadaye Bwana Tarumi akarudi. Kitambaa cha mkononi hakuna, glavu hakuna, ila shingo imenenepa. Ule uwanja wa kuzuia moto, uliotengenezwa kwa nyumba za watu, akaugawa vibanda, akapanga walanguzi: viatu vya jeshi, sabuni, madonge ya unga kwenye supu ya maji matupu, pombe ya kupofusha macho. Kila kibanda kilimlipa yeye. Tukimwuliza, alisema, "Ardhi hii ilitwaliwa kwa ajili ya moto. Mimi naiangalia tu."

Mwezi wa Oktoba zikaja habari kwamba watoto wanarudi kutoka milimani. Bi Shige alinawa uso, akafunga mkanda, tukaenda shuleni, yaani pale ilipokuwa shule. Palikuwa na mwalimu mwanamke, Mwalimu Orie, aliyetangulia kuwatafuta wazazi, kijana bado, macho yamezama kwa kukosa usingizi.

"Mimi namchukua Mitsuyo, binti wa marehemu Yasue," Bi Shige akasema.

"Ni ndugu yako?"

"Ni jirani. Mama yake alikuwa kwangu."

"Unakaa wapi, bibi?"

"Kwenye tanuri la hamamu."

Mwalimu akainamisha kichwa. "Bibi, tanuri si nyumba. Nimeagizwa mtoto asiye na ndugu nimkabidhi kwa mwenye nyumba tu, la sivyo aende kwenye kituo cha yatima. Na vituo vyenyewe, kwa kweli, nimeviona. Watoto wanatoroka wanakwenda kulala stesheni." Akashusha sauti. "Nitapita kwako keshokutwa, na mtoto. Nikikuta nyumba, nimekuta nyumba."

Tulipofika uwanjani Bi Shige akasimama kwenye kibanda cha madonge, akahesabu kwa macho kutoka bomba la moshi mpaka mtaro, akagonga ardhi kwa kisigino. "Sebule yao ilikuwa hapa," akasema. "Leta koleo."

Tulichimba sisi wawili na mwuza madonge, Sakuzo, ambaye tulikuwa tumesimama kwenye kibanda chake na akaona aibu kukaa. Jiwe la msingi lililobeba nguzo ya katikati lilikuwepo, chini kidogo tu ya udongo. Tukaisimamisha nguzo juu ya jiwe, tukaiunga gogo lililoungua kwa juu, tukalifunga kwa waya, tukashindilia mawe na vigae vya hamamu, ule mtai wa sakafu ukawa sawasawa na ubao wa sakafu mpya. Paa lilikuwa mabati ya kuungua, ukuta mikeka na mbao za masanduku, sakafu mlango wa mtu asiyejulikana. Kilikuwa kibanda, sikatai. Lakini kilikuwa na nguzo.

Asubuhi Bwana Tarumi akaja na vijana wawili wenye viatu vya jeshi.

"Nani kakuruhusu?"

"Mwenye nyumba," Bi Shige akasema.

"Mwenye nyumba amekufa!"

Bi Shige alisimama mlangoni, mwanamke mfupi, mikono imejaa masizi. "Sema tena," akasema. "Sema na ulikuwa wapi yeye alipokufa. Alikufa kwenye zamu uliyompanga wewe."

Tarumi akawa mwekundu. "Ardhi hii ilitwaliwa na serikali."

"Serikali ipi? Ile iliyoshindwa? Basi iambie ije yenyewe."

"Fungeni kamba!" akawaambia vijana wake. Wakafunga nguzo kamba, wakavuta. Mawe yalikuwa yamekaa. Nguzo ikatikisika, haikutoka. Tarumi akageukia soko, na mazoea ni mabaya, akaweka viganja mdomoni kama vile bado ana tarumbeta. "Njooni! Shikeni kamba! Kila mtu!"

"Vizuri," Bi Shige akasema. "Mara ya kwanza uliiangusha kwa mikono yetu. Na leo tuite. Tuone nani atashika."

Hakuna aliyesogea. Sakuzo akatoka kwenye kibanda chake na kigoda, akakiweka juu ya mkia wa kamba, akakaa, akaanza kukoroga supu yake. Mwanamke wa sabuni akaenda akasimama kando yake, juu ya kamba hiyo hiyo. Kijana mmoja wa Tarumi akaiachia, akajifuta mikono kwenye suruali. Mwenzake akasema, "Mzee, hii ni nyumba ya mtoto yatima?" Naye akaiachia.

Tarumi akaishika mwenyewe. Hapo, Mungu anisamehe, uzalendo ulinishinda, nikapiga kelele, "Moja, mbili, vuta!" Soko zima likadaka: "Moja, mbili, vuta! Moja, mbili, vuta!" Na yeye, kwa mazoea au kwa hasira, sijui, alivuta kwa kufuata hesabu yetu. Kiatu kikateleza kwenye maji ya supu, akakaa chini, puu!

"Angalia jipu!" Bi Shige akasema.

Walicheka hata wale wasiojua habari ya jipu. Alinyanyuka akaondoka bila kofia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Vibanda vyake aliendelea kuvikusanyia kodi, msidhani haki ilishuka. Alikuja kuwa mtu mkubwa tu, akazeeka, akafa kitandani kwake. Lakini nguzo hakuigusa tena.

Siku iliyofuata Mwalimu Orie akaja, amemshika mkono mtoto mwenye kichwa kilichonyolewa kwa ajili ya chawa, mabega yametoka kama hanga la kutundikia nguo. Nilidhani amekosea, ameleta mtoto wa mtu mwingine, mdogo zaidi. Ni ule mdomo mpana uliomtambulisha.

Mwalimu akatazama mabati, mikeka, ule mlango uliolazwa chini. "Nimekuta nyumba," akasema.

Mitsuyo hakumtazama mtu. Alitazama nguzo. "Hii ya kwetu," akasema. "Mama yuko wapi?"

Bi Shige alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili. "Mama amekufa, mwanangu. Kwenye moto wa Machi. Mimi nilikuwepo, nitakueleza yote, utakapotaka, mara zote utakazotaka. Aliniachia wewe na hii."

Mtoto hakulia. Hilo nalo lilinitia uchungu, kwamba alikuwa ameshajifunza kutolia. Alivua viatu vya majani, akapanda sakafuni, akageuza mgongo, visigino vikagusa nguzo, kidevu juu, kama alivyofundishwa. "Nimefika wapi?" akauliza.

Watu wa soko walikuwa wamesogea mlangoni. Bi Shige hakuwa na kitabu, alitumia kifuniko cha chungu. Akakiweka juu ya kile kichwa kilichonyolewa, akashika kisu, akatafuta pa kukata. Halafu mkono ukasimama.

Kifuniko kilikuwa kimekaa sawasawa na mstari wa siku ya safari. Ule ule. Mwaka mmoja na zaidi, mtoto wa kukua, amepelekwa milimani kwa usalama, kwa nyimbo na bendera, wakubwa wakituapia kwamba watoto ni hazina ya taifa. Hakuongezeka hata unene wa kucha.

"Bibi? Nimefika wapi?"

Nilitamani adanganye. Mtu yeyote angedanganya, angekata juu kidogo, mtoto afurahi. Mwalimu Orie alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Walikula maganda ya viazi," akasema, "walikula dawa ya meno. Niliandika barua, niliomba..."

Bi Shige akasema, "Umefika pale pale, mwanangu. Na kosa si lako." Akaweka kisu ndani ya mstari ule ule akaukata tena. Akaukata mara ya pili na ya tatu, anasukuma kwa mwili wote, chenga zinamwangukia mtoto begani, mpaka mstari ukawa mfereji. Kisha akawageukia waliokuwa mlangoni na kisu mkononi. "Njooni muone," akasema. "Kila mtu aje aone taifa limemfikisha wapi."

Walipita mmoja mmoja, wakaona. Sakuzo alileta bakuli la madonge, yale mazito ya chini, akampa mtoto.

Mitsuyo sasa ni mama wa watu wawili, na ni yeye anayekaa kwenye kiti cha hamamu, iliyojengwa upya. Bi Shige tulimzika miaka saba iliyopita. Nguzo iko sebuleni, na juu ya mfereji ule kuna mistari mingine myembamba, ya kwake mpaka alipofikia kimo chake, na ya wanawe. Wageni huuliza kwa nini mmoja umekatwa ndani kiasi kile. Mitsuyo hunitazama mimi nieleze, na mimi hueleza, na kila nikieleza chai hunipoa.